Kibaraza Kimoja, Milango Miwili

Zrrr. Kimya. Zrrr tena.

Chérie alifumbua macho gizani akatega sikio. Sauti ilitoka miguuni pa kitanda, ndogo na ya taratibu, kama ya mwizi mwenye adabu. Ilikuwa zipu ya begi la safari. Kuna mtu aliyekuwa akiifungua, akiifunga, kisha akiifungua tena.

"Délice, unafanya nini huko?"

"Naangalia kandambili zangu, mama. Kama bado ziko."

"Zitakwenda wapi bila miguu yako?"

Mtoto alifikiri kidogo. "Labda zinaogopa maji."

Upande wa pili wa kitanda, Thierry alicheka ndani ya shuka. "Mwache, mama Délice. Nani amelala humu leo? Minye mwenyewe tangu jogoo wa kwanza niko naisikiliza meli, utadhani itakuja kunigongea mlango."

Siku hiyo familia ilikuwa inasafiri kwa meli kutoka Uvira hadi Kalemie. Walikuwa watu wanne: Chérie, mumewe Thierry, binti yao Délice aliyekuwa na miaka minne, na mama mzazi wa Chérie, Mama Félicité, ambaye Délice alimwita koko kama watoto wa huko wanavyowaita nyanya zao. Walikuwa wanakwenda kumwoza Chadrack, mdogo wake Chérie. Harusi ilikuwa ya Chadrack, lakini safari ilikuwa ya Chérie. Alikuwa na nia yake moyoni, nayo haikuhusu ngoma wala nyama ya sherehe.

Mama Félicité aliishi peke yake Mulongwe, karibu mno na mto. Mvua za mwaka uliotangulia, mto ulifura usiku ukaingia jikoni mwake bila kubisha hodi, ukaondoka na masufuria, kuku wawili na nusu ya ukuta. Thierry, ambaye alikuwa fundi mwashi, alikwenda kuusimamisha ukuta ule siku ya Jumapili wakati mama mkwe wake yuko kanisani. Aliporudi nyumbani kwake Songo alinawa mikono, akakaa, akasema, "Nimepaka plasta juu ya donda. Mto ukirudi, ule ukuta hautauliza swali. Mama aje akae kwetu."

Chérie aliyapeleka maneno hayo Mulongwe kwa uangalifu, kama mtu abebaye yai kiganjani. Mama yake alilivunja papo hapo.

"Minye nikae nyumba moja na mukwe wangu? Anisikie usiku nikikoroma? Asubuhi nitamutazama na uso gani?"

"Mama, mto utakuchukua."

"Mto hauna aibu, Chérie. Minye niko nayo."

Tuseme kweli, Mama Félicité hakuwa mkaidi. Kwao, mama mkwe na mkwe wake wa kiume huheshimiana kwa kupishana. Hawali pamoja, hawakai mkeka mmoja, hawatajani majina. Wakikutana njiani, mmoja huingia majanini mpaka mwenzake apite. Tangu siku ya harusi yake, Thierry hakuwahi kuona kinywa cha mama mkwe wake kikitafuna, naye mama hakuwahi kumwambia neno uso kwa uso. Likiwapo la kusema, lilipita kwa Chérie, hata kama wote watatu wamesimama katika ua mmoja.

"Mwambie mukwe wangu mvua inakuja," mama alikuwa akisema, akiutazama mti.

"Mwambie mama nimeiona," Thierry alikuwa akijibu, akiitazama ndoo.

Na Chérie katikati, kama simu yenye miguu.

Basi nia yake ilikuwa hii: mama yake alale usiku mmoja tu ukuta kwa ukuta na mkwe wake, aamke asubuhi aone kwamba hakuna aliyekufa kwa aibu. Akiuweza usiku mmoja majini, ataziweza mvua zote Songo. Akishindwa, atarudi Mulongwe, na mto ulikuwa umekwisha kuijua njia.

Ndiyo maana, majuma machache kabla ya safari, Chérie alipanda pikipiki akashuka bandari ya Kalundu kuchagua vyumba. Mama yake alikuwa amemwambia asijisumbue. Yeye angekaa chini na wanawake wengine, juu ya mkeka, kama alivyosafiri ujana wake wote, akiwa ameketi juu ya magunia ya ndagala, wale dagaa wa ziwani, na kunuka ndagala wiki nzima baada ya kufika. Lakini Chérie hakutaka. Alikuwa ameshona sare za shule za watoto wa watu mpaka vidole vikaota sugu, na kila alipokanyaga cherehani alimwona mama yake ameketi kwenye kiti, ana mlango wake wa kufunga, ana mahali pake pa kutazama milima ikipita. Mtu aliyembeba mgongoni akivuka mto, je, hastahili kubebwa mara moja kama malkia?

Meli yenyewe haikuwapo siku hiyo, ilikuwa safarini. Karani wa vyumba, mtu mnene mwenye kicheko cha karibu aliyeitwa Ezéchiel, alimwonyesha picha kwenye simu yake.

"Vyumba viko vya namna tatu, mama. Vya chini viko karibu na injini. Utalala vizuri kama weye ni kiziwi. Vya katikati viko na dirisha la mviringo. Unaona maji, maji yanakuona, basi. Vya juu," na hapo akaipanua picha kwa vidole viwili, "viko na kibaraza chake. Unafungua mlango, unatoka nje, unakaa kama waziri."

Chérie aliitazama picha. Mlango wa bluu, viti viwili, ukingo wa chuma uliopakwa rangi nyeupe, na nyuma yake ziwa. Moyo ulimpiga kama wa bibi harusi. Hata hivyo hakuwa mtu wa kununua mbuzi kwenye gunia.

"Tukienda kusini, upande gani mzuri?"

"Kushoto unaona maji, na Burundi kwa mbali kama mawingu hayakununa. Kuume unaona kwetu: milima, vijiji, watu wakifua."

"Mama yangu akiona nchi kavu moyo unatulia. Kuume. Na jua?"

"Jioni liko kuume. Lakini milima inalimeza mapema."

"Na moshi wa injini?"

"Unarudi nyuma. Chukua vya mbele."

"Na vyuma vya ukingo, viko mbalimbali? Niko na mtoto, na mtoto wangu iko na kichwa cha kuuliza maswali. Kitataka kupita."

Ezéchiel akakunja ngumi, akaiinua mbele ya uso wake. "Hii haipiti. Nilijaribu."

Chérie aliipima ngumi ile kwa macho, akailinganisha na kichwa cha Délice, akaridhika. "Nipe viwili basi. Vya juu, kuume, mbele, na viwe jirani. Kimoja chetu, kimoja cha mama yangu."

"Mama yako, ama mama wa mzee wako?"

"Mama yangu mzazi."

Ezéchiel akakohoa. "Na mzee mwenyewe anasafiri?"

"Yuko."

Karani akakohoa tena, kwa nguvu zaidi. "Vyumba jirani kabisa?"

"Kabisa kabisa."

"Haya. Weye ndiye umechagua, mama."

Chérie alidhani ni kifua cha upepo wa bandarini, akamshauri anywe tangawizi. Aliuliza jua, aliuliza moshi, aliuliza vyuma. Hakuuliza kibaraza kinaishia wapi.

Sasa asubuhi ya safari ilikuwa imefika. Kalundu palikuwa pamejaa watu, magunia, magodoro, majogoo waliofungwa miguu, na pikipiki zilizopenya katikati kama sindano kwenye nguo. Mama Félicité alikuja na kitenge kipya cha rangi ya chungwa na furushi kubwa lililofungwa mafundo manne. Shida ya kwanza ilianzia kwenye ngazi ya meli. Mama mkwe hawezi kupanda ngazi mbele ya mkwe wake, mkwe akimtazama kutoka chini. Hilo ni aibu. Mkwe naye hawezi kupanda mbele na kumpa mama mkwe mgongo. Hilo ni ufidhuli. Basi Thierry akasimama, mama akasimama, mmoja akimsubiri mwenzake, na nyuma yao Uvira nzima ikaanza kupiga kelele.

"Mnapanda ama mnaomba?" mtu mmoja aliuliza kutoka chini ya godoro lake.

Mwishowe Thierry alijiondoa kwenye mstari, akazunguka, akaingia melini kwa mlango wa mizigo, katikati ya wapagazi, akiwa amebeba begi kichwani kama gunia la unga. Délice alimpigia makofi.

Juu, kila kitu kilikuwa kama kwenye picha. Chérie aliufungua mlango wa bluu wa chumba cha mama yake akamtoa nje. Mama Félicité aliugusa ukingo mweupe, akakigusa kiti, akakaa nusu nusu kwanza, kisha akakaa mzima. Milima ilikuwa inaamka. Alivuta pumzi ndefu, uso wake ukafunguka kama kanga mpya, na Chérie akahisi kwamba vidole vyake havikuota sugu bure.

"Chérie, mwanangu," mama alianza kusema.

Papo hapo, hatua tatu kutoka kitini pake, mlango mwingine wa bluu ukafunguka. Thierry akatoka nje akiwa na singileti tupu kwa ajili ya joto, Délice akiwa mabegani mwake, akiimba kwa sauti. Akageuka. Macho yake na ya mama mkwe wake yakakutana.

"Yesu wangu!" alisema Mama Félicité, akajifunika uso kwa kitenge.

"Mama, unisamehe!" alisema Thierry, akaupiga mlango kwa kichwa kabla ya kuupata kwa mkono.

Milango miwili ikafungwa kwa pigo moja. Kibarazani akabaki Chérie peke yake na viti vinne. Alitazama kulia, akatazama kushoto. Hapakuwa na ukuta wala kamba wala ubao. Kibaraza kilikuwa kimoja, kirefu, cha vyumba vyote viwili, na kati ya kiti cha mama na kiti cha mkwe hapakuwa na kitu ila hewa ya Mungu.

Alishuka kumtafuta Ezéchiel, akamkuta akipanga watu kama samaki.

"Kibaraza ni kimoja!"

"Ndiyo, mama. Watu wa juu wanapenda kusalimiana."

"Mbona hukuniambia?"

"Uliniuliza jua, nikajibu. Moshi, nikajibu. Vyuma, nikakunja ngumi. Hilo hukuuliza. Nikakohoa."

"Ulikohoa!"

"Nilikohoa kwa nguvu, mama. Minye pia niko na mama mkwe."

Chumba kingine hakikuwapo hata kwa dawa. Meli ikalia, ikaondoka Kalundu, ikaanza kushuka kusini kando ya nchi, na joto likaanza kupanda. Vyumba vya juu vilikuwa na bati juu yake. Kufikia saa sita mchana mtu angeweza kupika mayai kwenye mto wa kulalia. Nje kibarazani upepo ulikuwa unacheza na viti vitupu. Ndani, kila mmoja katika tanuru yake, watu wawili walikuwa wanaheshimiana.

Délice peke yake ndiye aliyekuwa huru. Alipita kibarazani kwenda na kurudi, akibeba habari.

"Koko anasema baba atoke. Yeye hana joto."

"Mwambie koko atoke yeye," alijibu Thierry, jasho likimtiririka masikioni. "Baba anapenda joto."

"Koko anasema amezoea."

"Mwambie baba ni mwashi. Jua ni rafiki yake."

"Baba, koko amelowa."

"Na baba je?"

Délice alimchunguza. "Weye umelowa zaidi."

Chérie alikaa kizingitini akashika tama. Hiki ndicho alichokichagua! Angemwacha mama yake chini kwenye mkeka, sasa hivi angekuwa anacheka na wenzake na kupigwa na upepo. Badala yake amemnunulia chumba cha kuokea mikate. Na kilichomuuma zaidi ni kwamba mchana wenyewe tu umewashinda, usiku je? Mama alikuwa amekwisha kusema, kwa sauti ya chini, kwamba usiku hatalala. Atakaa macho mpaka Kalemie, mkwe asije akamsikia. "Na Songo," aliongeza, akijifuta shingo, "usinitajie tena, mwanangu. Umeona mwenyewe."

Ezéchiel alipita kwenye ujia na bilauri ya chai, akachungulia chumbani kwa Thierry, akaangua kicheko.

"Mzee Thierry! Umelipia upepo, unakaa ndani kama mhogo kwenye jivu! Weye ni mtumwa wa mama mkwe?"

Thierry alijifuta uso kwa singileti. "Mtumwa analazimishwa. Minye nani amenilazimisha?"

"Basi toka nje."

"Nikitoka minye, yeye amefungwa mpaka Kalemie. Nikikaa, labda atachoka, atatoka. Nakaa."

"Na kama hatoki?"

"Basi tutakuwa tumeiva wote wawili. Nenda na chai yako, karani, inaongeza joto."

Ezéchiel alikwenda zake akitikisa kichwa, lakini hakucheka tena.

Baada ya chakula cha mchana, ambacho kila mtu alikula akiwa ameupa ukuta uso, Chérie alikwenda kukaa na mama yake akawa anampepea kwa ncha ya kitenge. Ukuta kati ya vyumba ulikuwa ubao mwembamba kama biskuti. Hapo ndipo walipomsikia Délice, upande wa pili, akiuliza kwa ile sauti ya watoto wanaodhani wananong'ona.

"Baba, juu ya nini koko hataki kukaa kwetu?"

"Anatuheshimu."

"Na weye?"

"Minye pia namuheshimu."

"Basi mbona mvua ikinyesha usiku unatoka na tochi?"

Chérie aliacha kupepea.

"Nani amekwambia?" aliuliza Thierry.

"Nakuona. Nakuwa macho."

"Sawa basi. Naenda kuutazama mto."

"Mto wa koko?"

"Ndiyo. Nasimama ng'ambo ya barabara chini ya paa la duka. Naangalia maji, naangalia mlango wa koko. Maji yakitulia, narudi kulala."

"Unamsalimia?"

"Hapana. Mukwe habishi hodi usiku kwa mama mkwe wake."

"Na mto ukija?"

"Ukija," alisema Thierry, na sauti yake ikawa nzito kidogo, "sitabisha. Nitaingia na mlango, na ukuta, na plasta yangu yote, nimutoe mgongoni. Halafu nitaomba msamaha mwaka mzima."

Mama Félicité alimgeukia binti yake, macho yamemtoka. "Ulijua?"

"Aliniambia anakwenda kufunika saruji kazini," Chérie alinong'ona. Mara ngapi alikuwa amelala usingizi mtamu, mvua ikigonga bati, akimlaumu moyoni mume anayeipenda saruji kuliko kitanda chake!

Mama aliutazama ule ubao kana kwamba ulikuwa na dirisha. Nyuma yake paliingia utulivu. Mtoto alikuwa amesinzia, na baba naye, aliyeamka na jogoo wa kwanza, akapigwa na joto akalala. Kisha ukaanza mngurumo. Ulianza chini kama lori linalopanda kilima, ukapanda, ukakwama kileleni, ukapiga mluzi, ukashuka kwa vishindo mpaka bilauri juu ya meza ikatetemeka.

Mama Félicité alishika kiti. "Injini imeharibika!"

"Hapana, mama. Ni mukwe wako."

"Huyu?"

"Kila siku ya Mungu."

Mkoromo ukapanda tena, ukakwama, ukapiga mluzi. Midomo ya mama ilianza kucheza. Akaifunika kwa mkono, akaikaza, akajikaza mwenyewe, lakini kicheko kilikuwa na nguvu kuliko aibu. Alicheka mpaka akashika mbavu, mpaka machozi yakachanganyika na jasho, na Chérie naye akaanguka kitandani akicheka kwa kumwona anavyocheka.

"Na minye," mama alisema alipopata pumzi, "minye niliogopa asinisikie minye! Huyu akilala Mulongwe, mto utarudi mlimani."

Alijifuta macho. Kisha akainuka, akafungua mafundo ya furushi lake moja baada ya jingine, akatoa kitenge kipana cha kijani ambacho alikuwa amekinunua avae siku ya kumpokea bibi harusi. Akaufungua mlango wa bluu akatoka nje. Upepo ukampiga kifuani akafumba macho kidogo kwa raha. Chérie akamfuata. Mama alifunga pembe moja ya kitenge kwenye ukingo mweupe, nyingine kwenye ndoano ya taa ukutani, akakivuta mpaka kikasimama wima katikati ya kibaraza kama ukuta wa nyumba ya kifahari. Akarudi nyuma kukikagua, akakiongezea fundo. Halafu akakaa kitini, akayaelekeza macho milimani, akaita.

"Mukwe."

Upande wa pili mkoromo ulikatika katikati, kama redio iliyochomolewa.

"Mukwe, toka nje. Minye natazama milima."

Mlango ulifunguka polepole. Thierry, safari hii amevaa shati mpaka kifungo cha shingoni, alitoka kama mtu anayekanyaga mayai. Alikitazama kitenge. Alimtazama mkewe aliyesimama kwenye mwisho wake, mahali ambapo pande zote mbili zinaonekana. Chérie alimwonyesha kiti kwa kidevu. Akakaa.

Vijiji vilipita. Wanawake waliokuwa wakifua ufukweni walipunga mikono.

"Kuko upepo," alisema Mama Félicité.

"Ndiyo, mama."

"Milima ni mizuri."

"Ndiyo, mama."

"Unakoroma."

Thierry alikishika kifungo cha shingoni. "Ndiyo, mama."

"Unakoroma kama lori la bia. Pole na kazi."

"Aksanti, mama."

Chérie aliuma ulimi asicheke. Hakuna aliyemtuma kupeleka neno. Maneno yalikuwa yakivuka yenyewe, kwa miguu yao.

"Nasikia kuna mtu anasimama ng'ambo ya barabara wakati wa mvua," mama aliendelea, sauti yake imelainika. "Atapata kichomi."

Thierry aliinamisha kichwa. "Atavumilia, mama."

"Hapana. Nimechoka kulala kavu wakati mutoto wa watu ananyeshewa kwa ajili yangu." Akasawazisha kitenge kilichopigwa na upepo. "Nyumba yako kule Songo iko na milango mingapi?"

Chérie alishika ukingo kwa mikono miwili.

"Mmoja, mama," alisema Thierry. Kisha akaongeza haraka, kabla neno halijapoa, "Lakini minye ni mwashi. Ukuta wa nyuma nitauongezea chumba. Nitakiwekea mlango wake, upande wake."

"Usitazame barabara."

"Utatazama ziwa."

"Na jiko?"

"Lako peke yako. Ukila, hakuna wa kukuona ila Mungu na paka."

"Na ukuta wa katikati? Usiniwekee biskuti kama hii ya meli."

"Matofali mapana, mama, na udongo katikati. Mkoromo hautapita."

"Mkoromo wa nani?"

Thierry alisita. "Wangu, mama."

Nyuma ya kitenge cha kijani kicheko kikaanza upya, na safari hii kilitoka pande zote mbili. Ezéchiel, aliyekisikia kutoka chini, alipanda mbio na kuchungulia kibarazani. Aliona watu wawili vitini, na nguo ikipepea katikati.

"Sasa hii ni nini? Mmenijengea ukuta melini?"

"Ni nyumba yetu, karani," alijibu Mama Félicité bila kugeuka. "Bisha hodi kwanza. Na utuletee chai, ya mukwe wangu itoke upande ule."

"Chai inaongeza joto," Ezéchiel alimkumbusha Thierry.

"Sasa kuko upepo," alisema Thierry.

Chai ikaja. Kila mmoja akanywa upande wake, bila kumwona mwenzake akimeza, na hakuna desturi iliyolia. Jua lilianza kuegemea milima. Mama Félicité aliweka bilauri chini akauliza, kana kwamba anauliza bei ya nyanya, "Msingi utauchimba lini?"

"Tukirudi tu, mama. Kabla ya mvua."

"Basi chimba upesi, kabla sijabadili moyo." Akamgeukia Chérie, na hapo ndipo alipomalizia neno ambalo asubuhi lilikatika kinywani mwake. "Mwanangu, umechagua vizuri."

Chérie aliwatazama mmoja baada ya mwingine: mama aliyekuwa ameushika mwiko wake bila kuuacha, na mume aliyeulinda mwiko huo kwa hiari yake, kwenye mvua na kwenye jua, bila kumhesabia mtu. Hakuna kati yao aliyeitupa adabu ziwani, na hakuna aliyebaki amefungwa nayo chumbani. Wahenga hawakukosea: heshima si utumwa.

Délice alikuwa ameamka. Alitoka akiburuta kandambili, akapita chini ya kitenge, akasimama ukingoni kati ya koko na baba. Wavuvi walikuwa wanasogea karibu na meli kwa mitumbwi yao, wakipiga miluzi. Mtoto aliwapungia mkono, akawaambia kwa sauti:

"Koko atakaa kwetu!"